Suruali ya chenso ya laki mbili na themanini: miezi kumi na moja shambani Mufindi

Agosti mwaka jana nilinunua suruali tatu za kuvaa unapokata miti kwa chenso, yaani msumeno wa cheni wa injini, kwenye duka moja la vipuri pale Mafinga, kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Bei iliyobandikwa ilikuwa 280,000 kwa moja. Kwa kuwa nilichukua tatu, muuzaji akanishushia elfu kumi kila moja. Nikaongeza helmeti tatu za 110,000 kila moja, nikatoka pale na risiti ya 1,140,000. Mume wangu aliisoma ile risiti mara mbili, kisha akauliza kama hizo suruali zinaangusha miti zenyewe au bado tutahitaji watu.

Nimekaa nazo miezi kumi na moja sasa. Wenzangu wa mbao wananiuliza kama zina maana au ni mbwembwe, kwa hiyo naandika nilichokiona, mazuri yake na kero zake.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Mimi ni mama wa mbao. Nina ekari kumi na nne za misindano, yaani miti ya paini, upande wa Ifwagi, na yangu ikiwa haijakomaa nanunua miti iliyosimama kwenye mashamba ya watu, nakata, napasua kwa dingdong, ile mashine ya msumeno wa duara ya kupasulia mbao, napakia. Vijana wangu ni watatu: fundi mkubwa ambaye umri wake ni wa kaka yangu wa kwanza, Dogo ambaye ndiye opereta wa pili, na msaidizi wao, kijana mfupi mwenye nguvu kama winchi. Huku kwetu si Sao Hill, lile shamba la miti la serikali lenye mageti na vibali. Kwenye vishamba hivi vya ekari tano, ekari kumi, hakuna wa kukusimamisha akuulize umevaa nini. Watu wanaingia msituni na gambuti, koti la mtumba na mzula kichwani, na anayejikinga sana utamkuta ameziba masikio kwa pamba.

Kilichonitoa pesa ni ajali ya jirani. Ilikuwa Februari, matope mpaka kwenye ugoko, kibarua wake anapogoa matawi ya mti ambao tayari umelala. Chenso ikateleza juu ya fundo, ikamshukia paja la kushoto, vidole vitatu juu ya goti. Mguu wa kushoto ndio unaoumia sana kwenye kazi hii, kwa sababu ndio unaotangulia mbele opereta anaposimama kukata. Walimfunga kwa shati, wakampakia katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, na kutoka kule mpaka kwenye lami ni saa nzima. Alipona, lakini goti halikunji. Siku hizi anauza vocha kijiweni.

Sasa suruali yenyewe. Ukiishika dukani utadhani imejazwa blanketi. Wengi wanaamini ndani kuna kitu kigumu ambacho cheni haipiti, na hata fundi wangu alikuwa anagongagonga paja kwa ngumi akitafuta bati. Hakuna bati. Kitambaa cha juu cheni inakichana kama karatasi. Chini yake kuna tabaka kadhaa za nyuzi ndefu, laini, zilizolazwa zikiwa zimelegea. Meno ya cheni yakizigusa tu yanazivuta, zinatoka kwa mafungu kama sufi ya godoro lililochanika, zinajisokota kwenye ile gia ndogo inayoizungusha cheni, na mashine inakabwa koo palepale. Mmeshaona kanga ya abiria ikinaswa na gurudumu la nyuma la bodaboda? Ni hivyo hivyo, ila hapa kunaswa ndiko tunakokutaka.

Kuweni makini na lebo, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Duka la kwanza nililoingia siku hiyo waliniletea suruali ya kijani yenye viraka vya kung'aa magotini. "Mama, hii ndiyo ya chenso, tisini na tano tu." Nikaipapasa pajani: kitambaa cha tabaka moja tu. Lebo imeandikwa saizi na namna ya kufua, basi. Ni suruali nzuri tu ya fundi umeme. Sidhani kama yule kijana alitaka kunidanganya. Nadhani naye aliambiwa hivyo na aliyemletea mzigo. Ya kweli ina alama ya ngao yenye picha ya chenso ndani yake, na imeandikwa EN 381-5, au kwa zile mpya EN ISO 11393-2. Halafu kuna daraja. Daraja la 1 limepimwa kwa cheni inayokimbia mita 20 kwa sekunde, la 2 mita 24, la 3 mita 28. Mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa, yaani karibu na mwendo wa basi la abiria kwenye barabara kuu. Kuna na herufi: A inakinga mbele, C inazunguka mguu mzima.

Mimi nilichukua A, daraja la 1, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo na ndiyo mfuko ulioweza. Mjue tu kwamba chenso kubwa ukiivuta mafuta yote inaweza kuizidi kasi hiyo, kwa hiyo hata muuzaji akikuapia kwamba "haikatiki", muulize amesoma wapi.

Helmeti nazo zina siri. Ndani, chini ya ukingo, kuna kijisaa kilichochapwa kwenye plastiki: mshale unaonyesha mwezi na pembeni pana tarakimu za mwaka. Mbili kati ya tatu alizoniletea muuzaji niliyenunua kwake zilitengenezwa mwaka 2016. Zilikuwa mpya kabisa, bado ziko kwenye nailoni, lakini zimekaa kwenye kioo cha mbele cha duka zikichomwa na jua miaka yote hiyo. Plastiki ya helmeti jua linaila, inakuwa kama ganda la yai, na watengenezaji wengi wanataka ibadilishwe baada ya miaka kama mitano. Nikamrudishia. Alinuna kidogo, akaingia stoo, akarudi na za karibuni. Kwa hilo nampa pongezi, wengine wangeniambia nichukue au niache.

Siku ya kuzigawa, fundi mkubwa alinitazama kama nimemletea gauni.

"Mama, mimi naangusha miti tangu hujaolewa huku."

"Najua, kaka. Nataka uendelee kuiangusha."

Akaipokea, akaitundika kwenye kijumba cha zana. Dogo na msaidizi walivaa palepale, na msidhani ni kwa ajili ya usalama. Agosti Mufindi bado kuna ile baridi ya ukungu wa asubuhi, na suruali ile ni nzito, inapasha miguu kweli. Baada ya wiki mbili nikasikia kijijini kwamba vijana wangu wamenunuliwa suruali za kuendeshea bodaboda usiku. Nikapiga marufuku: hii haitoki shambani.

Kero zilikuja Oktoba jua lilipokaza. Ukipanda mlima umeivaa, jasho linashuka mpaka kwenye gambuti. Ikilowa mvua inakuwa nzito kama mtoto aliyelala mgongoni. Mikanda ya mabegani iliyokuja nayo ni ya hovyo: kifungo cha kwanza kilitoka mwezi wa pili tangu ninunue, kikafuata kingine, na sasa mikanda inashikiliwa na kamba ya katani. Kwa bei ile nilitegemea kifungo cha chuma. Na saizi! Dukani kulikuwa na kubwa na kubwa zaidi. Msaidizi wangu ilibidi akunje miguu mara mbili chini, na yale makunjo yananasa kwenye visiki vya matawi. Nilitaka kumpelekea fundi cherehani afupishe, nikaambiwa nisithubutu: sindano ikipita kwenye zile tabaka za nyuzi inazishona pamoja, na zikishonwa hazitoki tena cheni ikizigusa.

Nifike Machi mwaka huu.

Nilikuwepo, mita kama thelathini hivi, nimeshika daftari nahesabu magogo. Dogo alikuwa anapogoa mti mkubwa uliolala kwenye mteremko. Tulishamwambia mara nyingi asimame upande wa juu, shina liwe kati yake na mashine, naye akawa amesimama kwa chini kidogo ili awahi. Ncha ya lile panga la chuma linalobeba cheni ikagusa tawi jingine lililojificha chini. Wanaojua chenso wanajua: robo ya juu ya ncha ikigusa kitu, mashine inaruka. Ikaruka, akaidhibiti, lakini ikashuka kwa pembeni kwenye paja lake. Nilisikia mlio wa injini ukikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno. Kukawa kimya. Dogo amesimama, chenso inaning'inia kwenye suruali yake kwa manyuzi meupe, kama mbwa aliyeng'ata na kugoma kuachia. Akaingiza vidole kwenye mpasuko, akavitoa, akaviangalia. Vikavu.

Pajani alikuwa na mstari mwekundu kama wa aliyechapwa fimbo. Ndio huo tu.

Kuisafisha ile mashine kulichukua nusu saa. Tulifungua mfuniko, tukawa tunachokonoa nyuzi kwenye gia kwa ncha ya kisu, moja moja. Fundi mkubwa ndiye aliyechokonoa. Hakusema lolote kuhusu suruali. Alichosema ni kwamba cheni ya Dogo ilikuwa butu na ndiyo maana haikupita. Kesho yake alikuja amevaa ya kwake, akaeleza mwenyewe bila kuulizwa kwamba asubuhi ile baridi ilizidi.

Jioni Dogo akanijia na wazo la kupeleka suruali ikatiwe kiraka. Mpasuko ni wa kiganja kimoja tu, suruali nyingine yote nzima. Hapa ndipo moyo unapouma: ikishaguswa na cheni mpaka zile nyuzi zikatoka, imekwisha kazi. 270,000 imetumika mara moja. Nilikaa nayo mapajani usiku ule nikipiga hesabu ya mbao, kisha nikakumbuka yule kijana wa vocha, nikaifunga hesabu. Sasa imetundikwa pale kwenye dingdong, nyuzi zikiwa nje, na kila anayekuja kupasua magogo anaivuta kidogo kuona inavyofanya. Dogo nilimnunulia nyingine mwezi uliofuata. Bei imepanda, ni 295,000.

Ya fundi nayo nusura iharibike kwa njia nyingine. Mkewe, mtu msafi mno, aliiona imejaa oili na utomvu wa misindano, akailoweka usiku kucha kwenye jiki, kisha akaipiga pasi ya mkaa. Ilirudi inang'aa, na mimi nikaishiwa nguvu. Jiki na joto kali vinadhoofisha nyuzi. Inatakiwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida, mkono mwepesi, ianikwe kivulini. Petroli usiipake kabisa hata kama utomvu umegoma, na usiiache inywe oili mpaka ikakamae. Ile ya fundi siiamini tena. Ameigeuza ya kuendeshea bodaboda, na safari hii sikumkataza. Ya shambani nimempa nyingine.

Helmeti sikutegemea nitaisifu kuliko suruali, lakini nafikia huko. Ina wavu wa uso na yale makopo ya masikio ambayo vijana wanayaita hedifoni. Chenso inapita desibeli 100, na wataalamu wanasema ukikaa kutwa kwenye zaidi ya 85 unaanza kuharibu masikio. Baba yangu alikata miti miaka mingi bila chochote masikioni. Leo taarifa ya habari ya kwake tunaisikia nyumba ya tatu, na ukimsalimia "Kamwene", salamu yetu ya huku, kutoka nyuma hageuki. Watu wa nje wanadhani mzee ana maringo. Dogo alinilalamikia kwamba akivaa hedifoni hamsikii mwenzake akipiga kelele. Ni kweli, hamsikii. Lakini chenso ikiwa inawaka hata asipovaa hamsikii. Wamewekeana ishara za mikono, na kama mwenzao haonekani machoni, mti haukatwi.

Wavu hauzuii vumbi laini la milingoti, yaani mikaratusi, linapenya. Kwa hilo wanalia, nami sina dawa.

Glavu walizivua siku ya tatu, na sikuwalazimisha nilivyopaswa. Kisha Juni fundi akanionyesha vidole vyake asubuhi: viwili vyeupe pe, kama vimechovywa kwenye unga, na havina hisia mpaka ajioteshe moto. Huo ni mtetemo wa mashine kwa miaka mingi, na baridi ndiyo inayouchokoza. Nimebadilisha zile raba za kuzuia mtetemo kwenye chenso, maana zilikuwa zimekatika na hakuna aliyekuwa anazikagua. Glavu sasa ni lazima, na hakuna anayeshika mashine kutwa nzima mfululizo. Wanapokezana.

Kitu kimoja lazima nikiseme wazi, nisije nikawauzia suruali kama hirizi. Msituni mti wenyewe ndio unaoua, na suruali haizuii mti. Haikuzuii kwenda kuchezea ule ulioangukia mwenzake ukakwama, ambao watu wa huku wanapenda kuukatia mti ulioubeba ili yote ishuke pamoja. Nimewaona wakifanya hivyo wakicheka. Unatakiwa uuvute kwa mbali, kwa kamba na nguzo au kwa trekta, na wakati unasubiri hilo hakuna mtu kupita chini yake. Dogo alipita kwenye kozi fupi pale FWITC Mafinga, kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, na alichorudi nacho naona kina thamani kuliko risiti yangu yote. Sasa kabla hajagusa shina anazunguka kutazama juu kama kuna tawi kavu linaloning'inia, anasafisha njia mbili za kukimbilia, za nyuma kwa mshazari, wala si moja kwa moja nyuma ya mti, na anaacha bawaba, yaani ile sehemu isiyokatwa inayouongoza mti uendako. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya shina. Shina la sentimita 40, bawaba ya sentimita 4. Zamani walikuwa wanakata mpaka mwisho na kuuachia Mungu achague upande. Na wengine wote wanakaa mbali, urefu wa miti miwili. Mti wa mita 25, basi mita 50. Hapo nami na daftari langu nimehamishwa. Siku ile ya Machi ingekuwa ya kuangusha, mita thelathini zangu zisingetosha.

Dingdong nayo ni habari nyingine kabisa. Msumeno wa duara uko wazi, mkanda uko wazi, na pale usivae chochote kinachoning'inia. Hizi suruali na mikanda yake ya mabegani hazitakiwi kukaribia.

Kuhusu pesa. Nilipanga kuwakata vijana kidogo kidogo kwenye malipo. Binamu yangu mhasibu akaniuliza kama nimeisikia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayomtwisha mwajiri jukumu la kutoa vifaa vya kujikinga. Nikaacha. Ni yeye pia aliyenisukuma nijisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, na kwa watu watatu ni hela ya chai. Kwenye kijumba cha zana nimeweka boksi la huduma ya kwanza lenye bandeji kubwa za kukandamiza damu, maana mshipa mkubwa wa paja ukikatika hausubiri mpaka ufike lami. Lilinigharimu 65,000. Na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, sasa ni baada ya mashine kuzimwa. Hilo halikunigharimu kitu, ila ndilo lililonipa ugomvi mrefu kuliko yote.

Nikiipa suruali alama, ni nane kwa kumi. Moja nimeikata kwa vifungo, nyingine kwa saizi. Helmeti tisa. Duka lenyewe linapata saba: wana risiti, wanakubali kubadilisha, lakini muuzaji hakunieleza jambo hata moja kuhusu kufua wala kushona, na angeniambia ningeokoa suruali ya fundi.

Msaidizi wangu bado anakunja miguu mara mbili. Kiuno ni inchi 30, urefu wa ndani ya mguu inchi 28. Mafinga nimezunguka kote, Iringa mjini nimeambiwa nisubiri mzigo. Kama kuna aliyeona saizi hiyo Makambako, Njombe au Mbeya, yenye lebo ya ngao, tafadhali aniambie duka na bei. Nitatuma pesa leo hii.